Vipimo vya homoni kwa wanawake: siku ya kutoa damu, kujiandaa, na kusoma majibu

Karatasi yangu ya kwanza ya vipimo vya homoni bado ninayo, imekunjwa mara nne ndani ya bahasha ya kaki. Imeandikwa LH 41, projesteroni 0.6. Aliyenisomea majibu alisema mayai yangu hayapevuki, akaniandikia dawa za miezi mitatu. Vipimo na dawa nilivilipia kwa pesa ya korosho za mama, ile iliyoingia baada ya mnada wa Novemba.

Miezi mingi baadaye muuguzi mmoja aliikunjua ile karatasi na kuniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Dada, damu hii ulitoa siku ya ngapi tangu uanze hedhi?" Nikahesabu kwa vidole. Siku ya 13. Mzunguko wangu ni wa siku 27. Kwa mwanamke mwenye mzunguko kama wangu, siku ya 13 ndipo LH inapopanda ghafla ili yai litoke, na projesteroni inakuwa bado chini kwa sababu yai lenyewe halijatoka. Karatasi ile ilikuwa inaonyesha mwili unaofanya kazi yake sawasawa.

Tangu hapo kila shoga au ndugu anayeniambia anakwenda "kupima homoni" namuuliza kwanza yuko siku ya ngapi. Kipimo cha homoni kina nusu mbili, namba na tarehe. Ukipata namba bila tarehe, umelipia nusu.

Anza na daftari

Siku ya 1 ni siku damu inapotoka kamili, ya kuhitaji pedi au kitambaa. Madoa ya siku moja mbili kabla yake hayahesabiwi. Urefu wa mzunguko unaanza siku hiyo na kuishia siku moja kabla ya damu kamili inayofuata. Andika miezi mitatu mfululizo kama unaweza.

Andika tarehe kwa namba, kwa kalenda ya ukutani. Nasema hivi kwa sababu nimeona kosa lake. Sisi watu wa pwani tukisema "nilianza usiku wa Ijumaa" tunamaanisha usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi jua lilipozama. Muuguzi aliyekulia kwingine anaweza kuelewa Ijumaa usiku, na hapo siku moja nzima imeshapotea. Bibi zetu wanaohesabu kwa mwezi wa kuandama nao wana hesabu yao nzuri, ila maabara hawataijua "katikati ya Mfungo Sita" ni lini.

Mzunguko wa siku 21 hadi 35 kwa mtu mzima ni wa kawaida. Mabinti ni habari nyingine. Miaka michache ya mwanzo baada ya kuvunja ungo, mzunguko huweza kufika hata siku 45 bila ugonjwa wowote. Tafadhali mama, usimkimbize binti wa miaka 14 kwenye vipimo vya homoni kwa sababu siku zake zinayumba. Mpeleke akikaa zaidi ya siku 90 bila kuona siku zake, au akifika miaka 15 hajavunja ungo kabisa.

Mimba kwanza

Hedhi ikichelewa, kipimo cha mkojo cha mimba kinatangulia kila kitu, hata kama una uhakika. Mimba inabadilisha karibu kila homoni utakayopimwa. Kikitoka hasi na hedhi bado haijaja, rudia baada ya wiki moja.

Dawa zinazopotosha majibu

Kwenye ukurasa wa pili wa daftari orodhesha kila kitu ulichomeza, ulichochomwa au ulichowekewa kwa miezi sita iliyopita. Usione haya. Anayesoma majibu hawezi kukisia.

Sindano ya miezi mitatu, kijiti na vidonge vya uzazi wa mpango vinatuliza FSH (homoni inayokuza yai), LH na homoni za ovari. Ukipima ukiwa navyo, unaona kazi ya dawa. Kukosa hedhi kwenye sindano ni jambo la kawaida, na ukiacha, uzazi huchukua muda kurudi: kati ya wanaotafuta mimba baada yake, wengi hungoja miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho, na wengine huvuka mwaka. Kabla ya hapo kutafuta "homoni zilizovurugika" ni kujichosha. Kitanzi cha shaba hakina homoni, kwa hiyo hakiharibu kipimo. P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, nayo husogeza siku, hasa ukiimeza mara kwa mara, basi mwezi ulioitumia usiufanye mwezi wa vipimo. Ila usikimbilie kutoa kijiti ili upime tu. Zungumza kwanza na mtoa huduma, maana mimba usiyoipanga inaweza kuingia hapo katikati.

Prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, ndiyo inayochokozeka haraka kuliko zote. Metoklopramidi, ile dawa ya kutapika ambayo wengi tunaijua kwa jina la Plasil, inaipandisha. Vivyo hivyo domperidoni, dawa za afya ya akili kama haloperidoli na risperidoni, na methildopa ya presha ambayo wajawazito hupewa. Hizi usiziache kwa uamuzi wako, hasa za afya ya akili na za presha; zitaje tu, daktari ataamua.

Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini vinaweza kudanganya mashine ya maabara ikatoa namba za uongo za tezi ya shingoni na za homoni nyingine. Viache angalau siku mbili au tatu kabla. Na zile dawa za "kusafisha kizazi" zinazouzwa sokoni na kwenye simu ziandike hata kama hujui zina nini.

Upime nini

Hapa ndipo pesa nyingi inapopotea. Ukiona tangazo la "kifurushi kamili cha homoni", jua kwamba hakuna siku moja inayofaa homoni zote. Anayezitoa zote kwa mkupuo mmoja lazima atakuwa amekosea siku ya angalau moja. Chagua kwa kufuata shida uliyonayo.

Kama siku zako zimepotea au zinakuja kwa kurukaruka, vya kuanzia ni TSH (inayoiamrisha tezi ya shingoni), prolaktini, FSH na estradioli (homoni ya kike ya ovari). Ukiwa na ndevu kidevuni, chunusi nzito za utu uzima au nywele zinazoota kifuani, inaongezwa testosteroni. Kama hedhi yako inakuja kwa mpangilio na unatafuta mtoto, kipimo cha maana kwako ni projesteroni ili kujua kama yai linatoka. Ukishavuka miaka 45 na unapata joto la ghafla, jasho la usiku na hedhi inayochelewa, huhitaji kupima FSH. Dalili zako na umri wako vinatosha kusema uko karibu na ukomo wa hedhi, na pesa hiyo itumie kupima presha na sukari.

AMH inapendwa sana siku hizi na bei yake ni kubwa. Inakadiria akiba ya mayai na inawafaa wanaojiandaa kupandikiziwa mimba. Haikuambii kama utashika mimba kwa njia ya kawaida, na nimeona wanawake wakilia kwa namba ndogo ya AMH kisha wakazaa.

PCOS, ile hali ya ovari kuwa na vifuko vingi vya mayai yasiyokomaa, haitambuliwi kwa damu peke yake. Kinachotakiwa ni dalili mbili kati ya tatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili za homoni za kiume mwilini au testosteroni kuwa juu, na ovari zenye vifuko vingi kwenye ultrasaundi. Kabla ya hapo tezi na prolaktini ziwe zimeangaliwa, kwa sababu zinaweza kuleta hali inayofanana. Uwiano wa LH na FSH, ambao hutajwa sana, haumo kwenye vigezo hivyo. Mwenye PCOS apimwe na sukari pia.

Sasa niseme jambo ambalo huku kwetu halitajwi inavyostahili. Kuna mama aliyetokwa damu nyingi sana wakati wa kujifungua. Maziwa hayakutoka, hedhi haikurudi, na miaka inapita huku akisikia baridi, uchovu, na nywele za kwapa zikipukutika. Watu husema amerogwa au ni mvivu. Huenda ni ugonjwa wa Sheehan: tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, inayoziamrisha ovari na tezi ya shingoni, ilikosa damu siku ile ya uzazi ikadhoofika. Kwa mama kama huyu TSH ikipimwa peke yake inaweza kuonekana ya kawaida kabisa, kwa sababu anayepaswa kuitoa ndiye aliyedhoofika. Apimwe TSH pamoja na T4 huru, yaani homoni ya tezi ya shingoni yenyewe, na kortisoli ya asubuhi, homoni inayousaidia mwili kuhimili maradhi na mshtuko, na prolaktini ambayo kwake mara nyingi inakuwa chini. Kortisoli ikiwa chini sana ni hatari kwa maisha, kwa hiyo asingoje msimu wa korosho.

Na kama una uvimbe shingoni, mwambie daktari hata kama haukuumi. Chumvi ya mashamba ya pwani, ile ya kupimiwa kwa kopo, nyingine haijatiwa madini joto, na tezi inayahitaji.

Siku ya kutoa damu

FSH, LH na estradioli hutolewa siku ya 2 hadi ya 5. FSH na estradioli ziende pamoja, kwa sababu estradioli ikiwa juu mapema inaishusha FSH, na FSH inayoonekana nzuri inakuwa imefichwa. Testosteroni nayo ni vizuri kuichukua siku hizo hizo, asubuhi.

Projesteroni ina hesabu yake, na hapa naomba utulie na kalamu. Watu wengi, hata baadhi ya wahudumu, wameshika "siku ya 21" kama amri. Siku ya 21 ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Kanuni ni siku 7 kabla ya hedhi inayofuata. Kwa hiyo chukua urefu wa mzunguko wako, toa 7. Mwenye siku 24 anakwenda siku ya 17. Mimi wa siku 27 nilitakiwa kwenda siku ya 20. Mwenye siku 35 akienda siku ya 21, yai lake huenda limetoka siku hiyo hiyo, projesteroni itakuwa chini, naye ataambiwa hapevushi mayai. Siku yake ni ya 28. Mwenye mzunguko usiotabirika anaweza kulazimika kurudia kila wiki mpaka hedhi itokee. Halafu, na hii ni muhimu, andika tarehe hedhi iliyofuata ilipoanza. Ikianza siku 7 hivi baada ya kutoa damu, umepima vizuri. Ikianza siku 16 baadaye, ulipima mapema na jibu hilo usilitegemee.

TSH na AMH hazijali siku ya mzunguko. Prolaktini vilevile, ila ina masharti ya saa.

Aliyepotelewa na hedhi kabisa, na kipimo kimeshaonyesha hana mimba, anaweza kupima siku yoyote, mradi iandikwe kwenye fomu kwamba hana hedhi tangu mwezi fulani.

Asubuhi yenyewe

Homoni hizi kwa kawaida hazihitaji ufunge, isipokuwa umeandikiwa na kipimo cha sukari au mafuta. Kunywa maji ya kutosha, mishipa itaonekana.

Kwa ajili ya prolaktini, damu itolewe asubuhi, zikiwa zimepita saa mbili au tatu tangu uamke, kwa sababu hupanda usingizini. Hupanda pia kwa hofu, mazoezi, tendo la ndoa na kuchezewa matiti. Anayenyonyesha prolaktini yake lazima iwe juu, kuipima ni kupoteza pesa. Ukitoka Newala au Tandahimba na gari la alfajiri, ukashuka na kupanda bodaboda, usiende moja kwa moja dirishani. Kaa kwenye benchi nusu saa, pumua, ndipo utoe. Ikitoka juu kidogo tu, irudiwe kwa utulivu kabla hujaandikiwa dawa yoyote.

Maabara

Anzia kituo cha afya kilicho karibu upate maelezo na rufaa. Kwa Mtwara, rufaa huelekezwa Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo. Wa Lindi huenda Sokoine. Wa Masasi wana Mkomaindo na Ndanda, na walio barabara ya Lindi kwenda Masasi wana Nyangao. Kabla ya kufunga safari, piga simu au mtume mtu aulize maabara utakayokwenda mambo matatu. Vitendanishi vya kipimo hiki vipo leo? Mnapima hapa au mnatuma sampuli Dar es Salaam? Kama mnatuma, sampuli zinaondoka siku gani? Vitendanishi huisha kwenye maabara yoyote, na kwa mwenye kipimo cha siku ya 2 hadi 5, kuambiwa "njoo Jumatatu" ni kupoteza mwezi mzima. Uliza pia kama bima yako inalipia kipimo hicho, usisubiri kuulizia kaunta.

Ukifika, hakikisha fomu ina vitu vinne: tarehe hedhi ya mwisho ilipoanza, urefu wa mzunguko, dawa unazotumia, na saa ya kutoa damu. Kama hakuna nafasi, omba iandikwe pembeni. Utatolewa damu mililita chache kwenye tyubu ya kifuniko chekundu au cha njano. Hakikisha jina lako limebandikwa mbele ya macho yako. Unaweza kulisema kwa adabu: "Samahani dada, naomba nione jina kwenye kichupa." Hakuna mtaalamu mzuri atakayekasirika.

Ukirudia kipimo, rudia maabara ile ile, kwa sababu mashine zinatofautiana.

Kusoma karatasi

Omba karatasi iliyochapwa, usikubali majibu ya mdomo. Angalia vipimio kwanza, yaani zile herufi baada ya namba. Projesteroni huandikwa kwa ng/mL au nmol/L, na ng/mL 1 ni sawa na nmol/L 3.18. Mwenye 4 ng/mL ana projesteroni nyingi kuliko mwenye 9 nmol/L, ingawa kwa macho inaonekana kinyume. Prolaktini ya 25 ng/mL ni karibu 530 mIU/L. Kwa FSH na LH usihangaike, mIU/mL na IU/L zina namba ile ile.

Pembeni utaona viwango vya kawaida, na kwa homoni za ovari vinakuwa mistari kadhaa: kabla ya yai kutoka, wakati linatoka, baada ya kutoka, na baada ya ukomo wa hedhi. Soma mstari wa siku yako. Karatasi yangu ilisomwa kwa mstari usio wangu, na madhara yake nimeshayasema.

Projesteroni ikivuka 3 ng/mL, karibu 10 nmol/L, yai limetoka. TSH ya mtu mzima asiye mjamzito huwa kati ya 0.4 na 4.0 hivi, mjamzito ana viwango vyake. FSH ya zaidi ya 25 kwa mwanamke wa chini ya miaka 40 aliyepotelewa na hedhi kwa miezi minne inaashiria ovari zinachoka mapema. Ni habari nzito, kwa kawaida kipimo hurudiwa baada ya wiki 4 hadi 6, na inahitaji daktari wa wanawake, si muuza dawa. Prolaktini inayopita 200 ng/mL, au iliyo juu kidogo lakini ina maumivu ya kichwa na macho kupungua nuru pembeni, inahitaji picha ya kichwa.

Kuna hali ambazo hazingoji kipimo cha homoni. Pedi inayojaa kila saa. Maumivu makali ya upande mmoja huku hedhi imechelewa, maana mimba inaweza kuwa nje ya kizazi. Na damu inayotoka kwa mama aliyekwisha maliza mwaka mzima bila hedhi. Huyu achunguzwe kizazi na mlango wake, hata kama ni tone moja.

Yasiyoonekana kwenye damu

Kama umri wako ni chini ya miaka 35 na mmetafuta mtoto mwaka mzima, au umevuka 35 na mmetafuta miezi sita, nendeni mkapime wote wawili. Katika karibu nusu ya wenzi wenye shida hii, mchango wa mwanaume umo. Kipimo chake ni cha mbegu, baada ya kujizuia siku 2 hadi 7, na ni rahisi kuliko msururu wa vipimo vya homoni vya mkewe. Nawaambia mama wakwe na mawifi pia: msimpangie mwali safari ya tatu ya hospitali ilhali kaka yenu hajaenda hata moja.

Mirija ya uzazi nayo haina namba kwenye damu. Maambukizi ya zamani, hata yasiyouma, huweza kuiziba, na inaonekana kwa picha ya eksirei inayopigwa huku dawa ikipitishwa kwenye kizazi, ikifanywa hedhi ikishakauka na yai halijatoka.

Mimi nilirudi kutoa damu siku ya 20, asubuhi, baada ya kukaa kwenye benchi. Projesteroni 11.4 ng/mL, na hedhi ikaja siku 8 baadaye. Mume wangu alipima, mbegu zake ziko sawa. Ndipo nilipoandikiwa picha ya mirija, na mmoja ulikuwa umeziba.